Uzi kwa wanaosubiri mtoto wa kwanza: niliyoyaogopa yalikuwa ya kawaida, nisiloliogopa ndilo nusura liniondoe

Mleta uzi, Mbeya

Wakuu, salaam. Binti yangu ametimiza miezi 7 juzi, anakaa mwenyewe bila kuegemezwa, na mimi ndiyo kwanza nimepata nafasi ya kuandika kitu nilichokibeba moyoni tangu Julai. Nawaandikia wadada wenye mimba ya kwanza, hasa wa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Habari za uzazi tunazopeana zinaishia mlangoni mwa leba. Ukishatoka na mtoto mikononi kila mtu anakupa hongera, anamfunua mtoto anamtazama pua kafanana na nani, basi. Mimi nilipotelea hapo.

Wiki ile ya kwanza nililia kwa mambo ambayo yalikuwa ya kawaida kabisa. Na lile moja ambalo halikuwa la kawaida nilizunguka nalo siku nzima nikisema ni uchovu. Uzi ni mrefu, someni taratibu.

Uchungu ulinianza Jumatano jioni nikiwa nakata kitenge cha mteja. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Mwanjelwa. Nilishasikia kwamba uchungu wa mimba ya kwanza unachelewa, ila kichwani mwangu kuchelewa kulikuwa kama saa 6 hivi. Nikafika hospitali saa 5 usiku, nikapimwa njia, imefunguka sentimita 2. Nesi akaniambia nyumbani kwangu si mbali, naweza kurudi nikatembeetembee, nile, nije uchungu ukishakolea. Nililia pale pale kwenye benchi, nikaona nimefukuzwa. Kumbe hakunionea. Kutoka mwanzo mpaka kufika sentimita 5 mwili hauna ratiba, unaweza kumaliza usiku na mchana. Kutoka 5 mpaka 10, kwa anayezaa mara ya kwanza, hata saa 12 huwa ni kawaida, mradi wewe na mtoto mnapimwa na mko salama. Nilijifungua Ijumaa alfajiri.

Ya leba nitayapitia haraka. Nilitapika. Wakati wa kusukuma nilijisaidia haja kubwa, jambo nililokuwa naliogopa kuliko maumivu yenyewe, na mkunga alipangusa akaendelea na kazi yake wala hakubadilisha sauti. Kichwa cha mtoto kikishuka kinakandamiza njia ya haja, kwa hiyo kilichopo lazima kitoke, wanakiona kila siku. Mtoto alipotoka aliwekwa kifuani kwangu, nikachomwa sindano ya paja ili mfuko wa uzazi ujikaze, kondo likafuata. Halafu nikaanza kutetemeka, meno yanagongana, kitanda kinalia. Nikajua ndiyo naondoka. Mkunga akanifunika vitenge viwili na kuniambia itapita, na ikapita. Na tumbo halikuondoka na mtoto, lilibaki kama la miezi 5. Hilo nalo hakuna aliyewahi kunitajia.

Nyumbani ndiko kwenye habari yenyewe.

Mama mkwe alishuka kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi, dumu la maziwa na kuku wawili. Nisieleweke vibaya kwenye haya nitakayosema, yule mama alinibeba. Alinifulia, alinipikia, usiku alilala chini pembeni ya kitanda changu. Lakini alikuwa na hofu zake, na mimi nilikuwa na zangu, zikakutana kwenye maziwa.

Siku ya pili nilikamua ziwa nikapata matone ya njano, mazito, hata nusu ya kijiko cha chai hayakufika. Mama akakichukua kile kijiko, akakipeleka dirishani, akakigeuza taratibu kwenye mwanga. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huyu mtoto atakufa njaa." Hakusema kwa ukali. Machozi yalikuwa yanamlenga. Na mtoto usiku ule hakuachia ziwa, ukimtoa analia, ukimrudisha ananyonya dakika tano anasinzia, ukimlaza anaamka. Ilipofika saa 9 usiku tulikuwa tumeshachemsha maji, sukari imewekwa kwenye kikombe, kijiko kiko tayari.

Kilichotuzuia ni simu. Nilimpigia dada yangu yuko Chunya, ana watoto watatu. Akaniambia hiyo ya njano ndiyo dang'a yenyewe, ndiyo chanjo ya kwanza ya mtoto, na tumbo la kichanga ni dogo kiasi kwamba vijiko vichache vinamtosha kwa mara moja. Maziwa yenyewe hushuka kati ya siku ya 2 na ya 5. Kule kunyonya mfululizo usiku kucha ndiko kunakoyaita. Ukimpa maji ya sukari anashiba uongo, hanyonyi, ziwa halipati taarifa, maziwa yanachelewa, halafu mnasema mama hana maziwa. Nikamwaga kile kikombe. Kesho yake, siku ya tatu, niliamka matiti magumu kama mawe na blauzi imelowa.

Mizani nayo ilinitesa. Alizaliwa na kilo 3.1, siku ya nne akapimwa kilo 2.9. Nikasema nimemkausha mwanangu. Kumbe karibu watoto wote hupungua siku za mwanzo, mradi isizidi asilimia 10, na wengi wanakuwa wamerudia uzito wao kufikia wiki ya pili. Kipimo kizuri unacho nyumbani: kuanzia siku ya tano, akikojoa mara 6 au zaidi kwa saa 24, maziwa yanaingia. Mimi nilikuwa nachora mistari kwa chaki ya kushonea nyuma ya mlango.

Mengine yaliyonitoa machozi bure ni haya. Choo cheusi cha kunata kama lami. Tone la damu kwenye nepi siku ya nne, nikapiga kelele mpaka majirani wakaja, kumbe watoto wa kike huwa hivyo siku chache kwa sababu ya homoni za mama zinazomtoka mwilini. Vichuchu vyake kuvimba, sababu ni hiyo hiyo, usivikamue. Kwikwi. Kukoroma puani. Ule utosi unaopigapiga kama moyo. Na mimi mwenyewe, kila akivuta ziwa tumbo linanikata kama uchungu umerudi. Ni mfuko wa uzazi unajikaza.

Sasa Alhamisi, siku ya sita.

Niliamka kichwa kinauma. Nikasema sijalala wiki nzima, kitaacha kuuma vipi. Nikameza panadoli mbili. Mchana kikawa kinagonga mbele, juu ya macho. Juu ya tumbo, chini ya mbavu za kulia, pananichoma, nikasema ni gesi. Mama akasema ni baridi, kwamba nilishika maji ya baridi asubuhi, na mzazi haruhusiwi. Ilikuwa Julai, mnaoijua Mbeya ya Julai mnajua.

Jioni nilikuwa napiga pasi nepi. Zile nepi za kitambaa hazikauki mwezi ule, unaanua zina ubaridi ubaridi, inabidi umalizie na pasi ya mkaa. Nikaona cheche. Vidoti vya mwanga vinapita pembeni ya jicho la kushoto. Nikadhani mkaa unarusha. Nikaiweka pasi chini, nikafunga kile kifuniko vizuri, nikafumba macho, na cheche zikaendelea kupita. Macho yamefumbwa, bado zinapita.

Sikumwambia mtu. Hapo ndipo nataka mniangalie vizuri. Nilikuwa nimeshaita watu kwa ajili ya kwikwi, kwa ajili ya choo cheusi, kwa ajili ya tone la damu. Nikaona aibu kuita tena kwa ajili ya kichwa changu.

Aliyeniokoa ni mama jirani, nesi mstaafu, alikuja na mche wa sabuni kunipa hongera. Hakumfunua mtoto. Alinitazama mimi usoni akauliza, "Mwanangu, uso wako ndivyo ulivyo siku zote?" Akabonyeza mguu wangu kwa kidole gumba, shimo likabaki. Akauliza kama naona vizuri. Nilipotaja cheche alisimama, hata chai hakunywa, akamwambia mume wangu tafuta bajaji sasa hivi.

Presha ilikuwa 178 kwa 112. Mkojo una protini. Mimi, ambaye kliniki zote presha yangu ilikuwa nzuri, kadi ninayo mpaka leo. Daktari akaniambia kifafa cha mimba, yaani degedege linaloletwa na presha ya namna hii, kinaweza kuja hata mimba ikiwa imekwisha, zaidi wiki ile ya kwanza, ila mpaka wiki 6 mtu hajatoka kwenye hatari. Nikachomwa magnesiamu, dawa ya kuzuia hicho kifafa, joto likapanda kifuani likashuka mpaka miguuni kama nimemwagiwa maji ya moto kwa ndani. Nikapewa dawa za kushusha presha, nikalazwa siku 4, mtoto pembeni yangu, ananyonya kama kawaida.

Basi wadada, haya yashikeni, na mumsomee anayewauguza: kichwa kinachouma sana kisichosikia panadoli, macho kuona cheche au ukungu, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla, kupumua kwa shida. Ukiona hata moja baada ya kujifungua, hiyo ni safari ya hospitali usiku huo huo. Na ukifika mapokezi taja kwanza kwamba umejifungua siku kadhaa zilizopita. Mimi nilivyofika kwa miguu yangu, bila tumbo, bila mtoto mkononi, ningekaa foleni kama mgonjwa wa kichwa tu kama jirani asingesema.

---

Mkunga, Iringa

Dada pole sana, na asante kwa kuandika. Nipo wodi ya wazazi mwaka wa 11 sasa, niongeze machache.

Kurudi nyumbani na sentimita 2 ni sawa kwa wengine, si kwa wote. Kama chupa imepasuka, kama unatoka damu, kama mtoto amepunguza kucheza, kama una presha, au kama nyumbani ni mbali na usafiri wa usiku ni wa kubahatisha, usikubali kuondoka bila kuwaeleza hayo. Wanaotoka vijijini waje mjini mapema kwa ndugu, au waulize kama kituo kina chumba cha kusubiria.

Damu baada ya kujifungua ndiyo inayotunyima usingizi sisi. Kutoka damu ni kawaida, nyekundu siku za mwanzo, kisha hufifia, inaweza kuendelea mpaka wiki 6. Kisicho kawaida ni kulowesha pedi nzima ndani ya saa moja, au mabonge makubwa, au kizunguzungu na moyo kwenda mbio. Hapo usisubiri kupambazuke. Na uchafu unaonuka pamoja na homa ni maambukizi, hata kama ni siku ya kumi.

Kukandwa. Najua akina bibi watanisema. Taulo la uvuguvugu mgongoni au miguuni halina shida, linapumzisha mwili. Lakini yale maji yanayochemka, mama anashikwa na watu wawili tumbo linapigwa na taulo, nimeuguza wazazi waliobabuka ngozi. Mfuko wa uzazi unajikaza wenyewe na kunyonyesha kunausaidia. Aliyefanyiwa upasuaji asikandwe tumbo kabisa.

Na mrudi kuangaliwa. Shirika la Afya Duniani linataka mama na mtoto waonwe ndani ya saa 24 za kwanza, tena kati ya saa 48 na 72, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, tena wiki ya 6. Wengi wetu tunarudi wiki ya 6 kwa ajili ya chanjo ya mtoto tu. Ukija, omba na wewe upimwe presha.

---

Mjamzito, Makete

Natarajia mwezi wa sita mwishoni. Huku baridi mnaijua. Mama anasema tutaweka jiko la mkaa chumbani wiki zote za mwanzo. Dada wa Mbeya, ninyi mlifanyaje?

---

Mleta uzi

Mdogo wangu wa Makete, umegusa penyewe.

Kwetu jiko liliwekwa usiku wa kwanza. Dirisha limefungwa, mlango umezibwa kitenge kwa chini ili upepo usipite. Mume wangu ndiye aliyelitoa. Alikulia Mufindi na anakumbuka familia ya jirani yao waliyoikuta asubuhi haiamki. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya kaboni monoksidi, haina harufu, haina rangi, na mkaa uliokolea kabisa bila moshi ndio unaotudanganya kwamba hauna neno. Unasinzia ukidhani ni uchovu wa uzazi. Mwambie mama kwa upendo, lakini hapo usikubali. Jiko liwashwe nje, mpashie chumba mapema kama ni lazima, kisha litoke na dirisha lifunguliwe kidogo kabla hamjalala.

Kilichotusaidia ni ngozi. Mtoto anavaa nepi, kofia na soksi, unamweka kifuani kwako ngozi kwa ngozi, unajifunga khanga kumshikilia, juu yake sweta na blanketi. Hakuna jiko linalomfikia mama kwa joto la kadiri. Mume wangu pia alifanya hivyo nilipolazwa na dripu, na mtoto alitulia. Kichanga joto lake linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Kama huna kipimajoto, gusa kifua chake na nyayo kwa mgongo wa mkono wako. Kifua kikiwa cha baridi, au ananyonya kwa ulegevu na halii kwa nguvu, hilo ni la kukimbilia kituo.

Kumwogesha subirini saa 24 zipite angalau, hata kama bibi anaona mtoto ni mchafu. Ule utando mweupe unamlinda. Siku ya kuoga, maji ya vuguvugu uyapime kwa kiwiko, umalize upesi, umkaushe kichwa kwanza.

Nepi za kitambaa andaa nyingi kuliko unavyodhani. Mimi niliandaa 12, ningekuwa na 30. Hata kama utatumia pampasi usiku, mchana utazihitaji, na huko kwenu kama huku jua linakuja kwa saa mbili tatu tu kisha linaondoka.

Kitovu acha kikauke chenyewe, bila majivu, bila mafuta, bila poda. Kilidondoka siku ya tisa.

---

Mama, Njombe

Nasoma uzi huu nikiwa namnyonyesha wa pili. Naishi na VVU, natumia dawa mwaka wa 6. Nasema hapa kwa sababu mkoa wetu tuko wengi na wadada wengi wanadhani wakijifungua hawataruhusiwa kunyonyesha.

Wa kwanza alipozaliwa nilikuwa na maziwa yanatiririka na mimi nimekaa namtazama, naogopa kumgusisha ziwa. Nesi akakaa kitandani kwangu, akanieleza: unameza dawa zako kila siku, virusi vimefubazwa, mtoto tunampa dawa yake ya maji ya nevirapine, unamnyonyesha. Ila maziwa yako peke yake miezi 6, usichanganye na uji wala maji wala ya ng'ombe, maana kuchanganya kunaongeza hatari. Wiki ya 6 akatolewa damu kisiginoni. Kusubiri yale majibu ndiko kulinikondesha. Yalitoka salama, akapimwa tena na tena mpaka alipoacha kunyonya, salama. Sasa ana miaka 4, anakimbiza kuku uwanjani hapa.

Ugumu wangu ulikuwa nyumbani. Wifi anakuja kila siku na uji wa ulezi mwepesi, "mtoto hashibi huyu." Siwezi kumwambia kwa nini nakataa. Nilimwomba nesi aje nyumbani kama mgeni, akasema yeye mbele ya wote kwamba watoto wote hawapewi kitu miezi 6, sheria ya kliniki. Uji ukakoma.

---

Mama wa upasuaji, Mafinga

Mimi nilifika sentimita 8 nikakwama, mapigo ya mtoto yakashuka, nikapelekwa kwenye kisu. Nililosikia kuliko yote baada ya hapo ni "hukuvumilia." Shangazi yangu mwenyewe alisema.

Ambacho sikuambiwa ni gesi. Sindano ya mgongo ikiisha nguvu, kidonda kinauma ndiyo, lakini ile gesi inayozunguka tumboni mpaka begani ndiyo ilinifanya niite mama. Inapungua ukianza kutembea, na kila mtu anaogopa kutembea. Kukohoa, kucheka, kupiga chafya, bana mto tumboni kwanza. Kunyonyesha nililala ubavu, mtoto kalala kwa kunielekea, tumbo lake kwa langu, ziwa la chini. Na chuchu zilipasuka mpaka damu kwa sababu nilikuwa namwingizia ncha tu. Mdomo ufunguke wazi kabisa, aingize na ile sehemu nyeusi, kidevu kigusane na ziwa. Siku niliyoonyeshwa hivyo kwa vitendo, maumivu yaliisha ndani ya siku mbili tatu.

---

Baba, Vwawa

Samahani kwa kuingia kwenye uzi wa akina mama. Mke wangu ana wiki ya 5 tangu ajifungue, mtoto wa kwanza. Kuna kitu hakiko sawa. Anaamka anakaa ukingoni mwa kitanda anatazama ukuta. Mtoto akilia hageuki. Mama yangu anasema anadeka, kwamba wao walizaa wakarudi shamba. Juzi usiku aliniambia mtoto angepata mama mwingine ingekuwa nafuu. Sijui nimjibu nini.

---

Mkunga, Iringa

Kaka, umefanya vizuri kuandika na naomba usome hili sasa hivi.

Siku ya tatu mpaka ya tano mzazi hulia bila sababu, na hilo huisha lenyewe ndani ya wiki mbili. Wiki ya tano si hilo tena. Hiyo inaitwa sonona baada ya kujifungua, ni ugonjwa, unatibika, na haina uhusiano wowote na kudeka. Hayo maneno aliyokuambia yachukue kwa uzito wote. Leo asibaki peke yake na mtoto. Kesho asubuhi nenda naye hospitali, sema kwa maneno hayo hayo uliyoyaandika hapa, omba aonwe na watu wa afya ya akili. Akianza kusema anasikia sauti au kuona vitu ambavyo hamvioni, usingoje kesho. Usimwambie ajikaze. Kaa naye, mshikie mtoto, mwambie unaona kwamba anaumwa.

---

Mleta uzi

Kaka wa Vwawa, nimesoma mara mbili. Nakuombea, na ukipata nafasi turudie hapa utuambie.

Mimi siku ya tatu nililia kutwa nzima, mume wangu akajua nimemchoka. Yeye alipata zile siku 3 za likizo ya baba zinazotolewa na sheria ya kazi, zile za kuchukua ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, zikaisha tuko bado hatujajua kufunga nepi. Lakini usiku saa 8 alikuwa anampokea mtoto, anamcheulisha begani, anatembea naye sebuleni mpaka alale. Nilipata saa mbili za usingizi mfululizo. Sijawahi kupewa zawadi kubwa kuliko hiyo.

Kuna walioniuliza kwa ujumbe wa pembeni kuhusu kukaribiana na mume, na kama ni kweli mtoto atabemendwa. Jibu nililopewa kliniki wiki ya 6: kinachomdhoofisha mtoto ni mama kushika mimba nyingine haraka, maziwa yakapungua, mtoto akaachishwa kabla ya wakati. Mkishapona na mkataka, mlango haujafungwa, ila nendeni mkachague njia ya uzazi wa mpango kwanza, kwa sababu unaweza kushika mimba kabla hata hujaona hedhi ya kwanza.

Na aliyeuliza kama nitathubutu kuzaa tena: nataka, ndiyo. Nimeambiwa nipumzike miaka miwili angalau, na siku nitakayojua nina mimba niende kliniki mapema, nisisubiri tumbo lionekane. Niseme yaliyonipata, kwa sababu presha ya namna ile inaweza kujirudia, na kuna aspirini ya dozi ndogo ambayo daktari huianzisha kabla ya wiki ya 20 kwa wanawake kama mimi. Siyo ya kununua duka la dawa mwenyewe. Ile kadi ya zamani nimeiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na karatasi ya kutolewa wodini, iko juu ya kabati, na mume wangu anajua ilipo.

Jirani yangu nilimshonea gauni. Nilimpima mwenyewe, nikachagua kitenge cha bluu. Alipolivaa akaniuliza, kama anavyouliza kila tukikutana, "Kichwa?"